Robo Tu ya Skrubu

Redio ya Kinyozi ilimaliza matangazo ya vifo, ikaunganisha na hili: kuanzia leo, pikipiki yoyote iliyozidi miaka thelathini itapimwa moshi, na itakayofeli inakwenda kuyeyushwa.

"Mmesikia?" Injinia akauliza, akiweka kikombe kwenye benchi la nje kwa Kinyozi. Aliitwa Injinia kwa sababu aliwahi kulinda geti la chuo cha ufundi. "Ile pikipiki ya marehemu ilipanda mlima mpaka mlima ukaomba poo. Leo wakaiyeyushe?"

Wote wakageuka kumtazama Shemeji, fundi cherehani, aliyekaa mlangoni pa duka lake hatua tatu kutoka benchini. Pikipiki ya marehemu mumewe ilikuwa imeegemea ukuta. Aliipanda kupeleka nguo za wateja, lakini si hilo tu. Kila asubuhi akiipiga kiki, nyumba yake ilirudi kuwa na mume kwa dakika mbili. Na wiki nzima pikipiki ilikuwa inatoa moshi mweusi.

"Shemeji, jeti ya kabureta inayopitisha mafuta ni ndogo," Injinia akasema. "Weka kubwa, inywe mafuta ishibe."

"Ishibe nini, na hapo inatapika?" Kinyozi akadakia. "Weka ndogo! Aliyevimbiwa haongezewi sahani."

"Tatizo ni sindano ya kabureta," akasema Mwalimu Mstaafu. "Ishushwe tundu moja."

"Mwalimu, wewe ulifundisha historia," Kinyozi akasema.

"Na pikipiki hii ni nini?"

Shemeji hakuinua uso kutoka kwenye suruali aliyokuwa anaipunguza. "Jumatatu nani aliigusa?"

Kinyozi akakohoa. "Nilipita tu, nikaweka jeti ndogo. Kwa mapenzi."

"Jumanne?"

"Nilikuta mtu kaweka ndogo," Injinia akasema. "Nikarekebisha dhuluma."

"Jumatano?"

Mwalimu akatazama mawingu. "Tundu moja tu, shemeji."

"Ndiyo maana Alhamisi ilinizimikia njia panda, nimebeba gauni la bibi harusi."

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," Mwalimu akasema, kana kwamba yeye alikuwa abiria.

"Jana nimetoa uchafu wenu wote," Shemeji akasema. "Nimerudisha jeti ya marehemu, nimecheza na skrubu ya kabureta mpaka plagi ikatoka rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba inachoma vizuri, kama alivyonionyesha. Atakayeigusa tena nitamshonea mikono ndani ya mifuko."

Hakuna aliyecheka. Walijua anavyoshona.

Saa nne afisa akafika na kipimo chake, akachomeka mpira kwenye bomba la moshi. Kiki moja tu, pikipiki ikaunguruma taratibu. Mwisho unaoruhusiwa ulikuwa tano. Kipimo kikasoma mbili.

"Imepita, mama," afisa akasema. Shemeji akajikuta machozi yanamtoka, akasingizia vumbi.

Afisa akainua kalamu. Kisha akainamisha kichwa, akasikiliza. "Ila kuna mahali inakohoa." Akatoa bisibisi kwenye mfuko wa shati.

"Mwanangu, usi..." Shemeji akaanza.

"Robo tu," afisa akasema, akizungusha skrubu ya kabureta.

Kipimo kikapanda nne, saba, tisa. Moshi ukaingia kwa Kinyozi, mteja akatoka mbio na nusu ya ndevu.

"Robo nyingi hiyo," Injinia akanong'ona. "Angepiga nusu ya robo."

"Imefeli," afisa akasema kwa masikitiko ya kweli, maana sheria ni sheria. Akaandika.

Shemeji akagusa fomu kwa kidole. "Andika na sababu. Nafasi ipo hapo chini."

Kalamu ikasimama.

"Andika tu, mwanangu: afisa ameongeza robo. Halafu weka sahihi."

Afisa akaitazama ile nafasi tupu. Kisha akaichana fomu. Shemeji akamtoa bisibisi mkononi, akarudisha skrubu ilipokuwa, akapiga kiki. Kipimo kikarudi mbili. Fomu mpya ikaandikwa, akaikunja ndani ya kanga kiunoni, akaondoka na suruali ya mteja bila kuaga.

Wale watatu wakamtazama afisa, amesimama anaangalia pikipiki ikipotelea kwenye kona, kichwa bado kakiinamisha upande. Wakasogea benchini, wakampisha akae.