Shikamoo Hewani

Ilitangazwa rasmi, kwa waraka wenye mihuri miwili na kwa sauti ya yule msomaji anayepewa taarifa za misiba, kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kwa mfanyakazi yeyote wa kituo chetu cha televisheni kumsalimia mtuhumiwa akiwa kazini. Marufuku hiyo ilihusu shikamoo, hujambo, habari gani, na hata ule mguno wa heshima ambao mtu huutoa akiwa na haraka. Waraka ulieleza kuwa hatua hiyo imechukuliwa ili kulinda utu wa mtuhumiwa.

Aliyeuandika ni Mkurugenzi wa Maadili ya Mahojiano. Watu wengi hawakujua kwamba kituo kina mkurugenzi wa kitu kama hicho, na asubuhi nyingine hata yeye mwenyewe alikuwa na mashaka. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani mizito na sauti ya huzuni, na sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi. Kituo kilikuwa na kipindi kiitwacho Kabla ya Hakimu. Humo mtangazaji hutokea ghafla nyuma ya gari, mlango au tangi la maji, king'ora kinalia, taa zinawaka, na mtu anayeshukiwa anafokewa kwa nini alifanya alichofanya. Wakatokea watu wa kulalamika. Mwenyekiti wa Bodi akasema, "Wanataka maadili? Wapeni maadili. Nitafutieni mtu mwenye sura ya kusumbuliwa na dhamiri." Hawakutafuta mbali.

Wakampa chumba kilichokuwa stoo ya nyaya. Nyaya hazikuhama. Kiti chake kilikuwa na magurudumu matatu badala ya matano, na alipenda kujiambia kuwa dhamiri ya kituo hiki ipo imara, ila inaegemea kushoto na isiguswe.

Humo stoo ndimo alimotunga Mwongozo wa Mahojiano Yenye Utu. Mwongozo ulikataza kipaza sauti kugusa meno ya mtuhumiwa. Ulikataza kumwita mtu muuaji kabla ya tangazo la kwanza la biashara. Na ili asionewe mtu, ulifafanua kitaalamu dalili za hatia: kukimbia, kujifunika uso, kuziba kamera kwa mkono na kutaja wakili. Asiyeonyesha hata dalili moja aliitwa mkaidi, na ilishauriwa aulizwe tena kwa sauti ya juu zaidi.

Sisi watazamaji hatukuwa na neno. Jumapili alasiri mitaa ilikuwa mitupu. Tulikaa, tukasonya, tukasema "hebu muone macho yake," na kwa kawaida tulikuwa tumeshamfunga mtu maisha kabla chai haijapoa. Hatukujiona wabaya. Tulijiona tunapenda haki.

Tatizo la salamu lilianzia kwa Nyundo, mtangazaji wa kipindi. Nyundo alipewa jina hilo kwa sababu ya swali lake, maana alikuwa nalo moja tu: "Kwa nini ulimuua?" Aliwahi kumuuliza hivyo mtu aliyeshukiwa kuiba baiskeli. Lakini Nyundo alilelewa na bibi yake, na katika kazi ile malezi ni ulemavu. Jumapili moja alimrukia mzee aliyeshukiwa kuchoma ghala. Alitokea nyuma ya tangi la maji, king'ora kikalia hadi mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia, Nyundo akapanua kinywa, na kilichotoka kilikuwa:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri, baba. Pole na... pole na ghala."

"Nimeshapoa. Karibuni ndani."

Sasa mtu akishakukaribisha ndani, utamfokeaje? Muda wote uliobaki walizungumzia mvua. Nchi nzima iliangalia.

Mwenyekiti alimwita Mkurugenzi siku iliyofuata. "Watu wa sabuni wanataka kujitoa udhamini," alisema. "Wanasema mtu anayeangalia wenzake wakisalimiana hapati hamu ya kununua chochote. Nataka salamu zikome. Na nataka zikome kimaadili."

Mkurugenzi alirudi stoo kutafuta hoja. Aliipata haraka mno, hata akajionea haya kidogo. Aliandika kwamba kumtakia mtu heri halafu ukamfokea ni unafiki, na kwamba uadilifu unadai mtu afokewe moja kwa moja, bila kudanganywa kwanza. Mwenyekiti aliisoma mara mbili na kupiga meza kwa furaha. "Unaona? Elimu haiozi."

Ndipo ikaja habari ya bibi mshonaji.

Bibi huyu alishona sare za shule na magauni kwenye kibaraza cha nyumba yake, na chumba cha nyuma alimpangisha dereva mmoja mstaafu. Dereva akakutwa amefariki kwenye kiti chake, kikombe cha chai mkononi. Chai aliipika bibi. Hayo tu ndiyo yaliyojulikana, na kwa kipindi kama kile yalitosha na kusaza.

"Polisi walimhoji wakamwachia siku ileile, Mwenyekiti," Mkurugenzi alisema.

"Polisi wana mambo yao. Sisi tuna ratiba."

Wiki nzima likarushwa tangazo: kikombe, moshi, ngoma moja nzito, na maandishi mekundu yakiuliza KWA NINI? Ilikuwa wiki mbaya kwa bibi. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa bado havijashonwa. Hakuna aliyetaja sumu. Kila mmoja alisema amepata safari. Mama mmoja alichukua gauni likiwa na mkono mmoja na kusema siku hizi yanavaliwa hivyo. Cherehani iliyokuwa ikisikika tangu alfajiri ikawa inasikika kidogo, kisha ikanyamaza, na asiyeshona hali. Mkurugenzi aliyajua haya yote, kwa sababu yaliletwa kwake kama takwimu za mafanikio ya tangazo.

Siku tatu kabla ya kipindi, Nyundo alikuja kazini amejifunga skafu shingoni na kuandika kwenye karatasi kwamba sauti imekauka. Wenye macho waliona kuwa kilichokauka si sauti. Kijana alikuwa anaogopa wazee.

"Basi aliyeandika ndiye atakayetekeleza," Mwenyekiti akamwambia Mkurugenzi. "Na ukimsalimia, ile stoo tunaihitaji kwa nyaya."

"Nyaya bado zimo, Mwenyekiti."

"Basi zitapata nafasi ya kujinyoosha."

Mkurugenzi alifanya mazoezi nyumbani. Alijificha nyuma ya mlango wa jikoni, akamrukia mkewe na kumfokea swali la Nyundo. Mkewe alikuwa anachambua mchele, na hakuacha.

"Rudia," alisema. "Hapo nimeona kama unaniomba chumvi."

Akarudia.

"Afadhali. Sasa na akikujibu?"

"Akijibu nini?"

"Si umemuuliza swali, baba watoto? Akikujibu utafanya nini?"

Mkurugenzi alifikiri. "Mwongozo hautarajii jambo hilo," alisema, na akajisikia vibaya, kwa sababu ilikuwa kweli.

Jumapili ikafika. Gari la matangazo lilipaki kando ya ua, Nyundo akiwa ndani na skafu yake kama mshauri wa kiufundi. Nyuma yake lilikuja gari la Mwenyekiti lenye vioo vyeusi, maana safari hii alitaka kujionea. Majirani walijazana kwenye uzio, na wale waliopata safari wote walikuwepo. Mkurugenzi alipangiwa kujificha nyuma ya shuka lililoanikwa kwenye kamba, hatua chache kutoka kibarazani. Shuka lilikuwa bichi. Alisimama pale, maji yakimdondokea shingoni, dhamiri ya kituo kizima, akijiambia kwamba mama yake alimsomesha kwa shida nyingi ili siku moja afike hapa.

King'ora kikalia. Mkurugenzi akaruka. Shuka likaruka naye, likamfunika kichwa, miwani ikaenda upande, na alipofanikiwa kutoa uso alijikuta ana kwa ana na mwanamke mzee aliyekaa kwenye cherehani isiyo na kitambaa, mikono mapajani, akimtazama. Alikuwa amevaa nguo zake nzuri. Alikuwa amejua watakuja.

"Kwa nini..." Mkurugenzi akaanza, kwa sauti ya juu kabisa. Kisha akakutana na yale macho, na ulimi ukamsaliti.

"Shikamoo, mama."

Kwenye uzio watu walishusha pumzi.

"Marahaba. Hebu toka kwenye shuka langu kwanza, ndiyo limetoka kufuliwa."

"Samahani, mama."

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Mfokee!" kidude cha sikioni kilifoka kwa sauti ya Mwenyekiti, kwa nguvu hata bibi akasikia.

"Kuna mtu anakusemesha sikioni?"

"Ni mkubwa wangu, mama."

"Mbona yeye hasalimii?" Bibi hakungoja jibu. "Haya, mwanangu. Umekuja. Sema shida yako."

Mkurugenzi alilitafuta swali lake, hakuliona. Mtu ukishaitikiwa marahaba, maneno mengine yote hukimbia, hubaki yale tu unayoyajua tangu utoto. Na tangu utoto alijua neno moja la kusema kwenye nyumba iliyofiwa.

"Pole na msiba, mama. Ilikuwaje?"

Bibi alianza kuifuta cherehani kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi.

"Wewe ndiye wa kwanza," alisema. "Majirani zangu hawa wamechukua vitambaa vyao, hakuna aliyeniuliza. Nyie mmeniuliza kwa nini wiki nzima. Ilikuwaje, hamkuuliza."

"Tumekosa, mama."

"Yule mzee alikuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alimwambia asishtuke, na cheti kimeandikwa hivyohivyo, moyo. Lakini Jumapili alikuwa haambiliki. Nikamwambia, baba, zima hicho kitu. Akanijibu, bibi wewe lete chai, leo wanamkamata mchoma ghala. Nikaleta. Akashika kikombe, hata hajaonja. Mara king'ora chenu hicho kikalia, na kijana wenu akatokea nyuma ya tangi la maji kama jini. Mwenzangu akasema 'Lo!' Basi. Hakusema tena."



"Na ndiyo siku ile kijana alipomsalimia yule mzee wa ghala vizuri," bibi aliendelea, akajifuta jicho kwa pembe ya khanga. "Mimi niliiona. Yeye hakuiona. Angevumilia kidogo tu, angeiona."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nimwambie nani? Kila anayekuja anakuja na kelele. Mimi sijibu mtu ambaye hajanisalimia."

Hapo mlango wa lile gari la vioo vyeusi ulifunguka na Mwenyekiti akatoka mbio. "Zima! Zima hiyo!" Alifika kwenye kamera na kuiziba kwa mkono. Mpiga picha, ambaye alikuwa ameusoma Mwongozo na kuufanyia mtihani, alirudi hatua moja nyuma na kumlenga usoni, kama inavyoelekezwa. Mwenyekiti akajifunika uso kwa koti. Kisha akakimbia. Alikimbia akiwa na koti usoni, akapita katikati ya masufuria yaliyoanikwa, akafika kwenye gari na kukuta limefungwa, kwa sababu dereva wake naye alikuwa uzioni anatazama. Akaupigapiga mlango. "Sisemi lolote!" alipiga kelele kwa nchi nzima. "Nitaongea na wakili wangu!"

Alikuwa mtuhumiwa wa kwanza katika historia ya kipindi kuonyesha dalili zote nne. Sisi majumbani tulisimama vitini. Tulisema, "Hebu muone macho yake," ingawa yalikuwa ndani ya koti.

Na sauti ya Nyundo ikarudi. Aliruka kutoka kwenye gari la matangazo, skafu ikipepea, na kwa furaha ya mtu aliyekata kiu akamrukia mkubwa wake: "Mwenyekiti! Kwa nini ulimuua?"

Umati wote ukakimbilia huko, kamera ikiwa mbele. Kibarazani walibaki wawili. Bibi aliingia ndani, akatoka na birika na vikombe, akamimina bila kumuuliza mgeni kama anataka. Mkurugenzi alikaa sakafuni, shuka bichi bado begani, akanywa chai yote. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Alilia kidogo humo kikombeni, na aliona aibu kwamba hata kulia kwake kulikuwa kwa chini chini, kama mtu anayesubiri kibali.

Majirani wawili watatu walikuwa wamebaki nyuma, wakamwona ananywa, wakamwona hafi. Wakaanza kuingia uani mmoja mmoja, kila mmoja akiamkia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Bibi aliwaitikia wote. Hakumharakishia mtu msamaha, lakini aliwaitikia, na kabla jua halijazama cherehani ilikuwa inalia.

Bodi ilikutana bila mwenyekiti wake na kuthibitisha kwamba Mwongozo ulifuatwa kikamilifu. Mtuhumiwa atahojiwa na Nyundo Jumapili ijayo, moja kwa moja, kwa udhamini wa watu wa sabuni, ambao wamerudi kwa moyo mmoja. Waraka wa salamu haujafutwa, kwa kuwa anayeweza kuufuta kwa saini yake ni Mwenyekiti, na mtuhumiwa haruhusiwi kusaini chochote kinachohusu mahojiano yake.

Jana limefika stoo, juu ya meza ya Mkurugenzi wa Maadili, ombi lililoandikwa kwa mkono. Mwenyekiti hataki kusamehewa, wala hataki king'ora kipunguzwe. Anaomba tu, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba kabla ya yote asalimiwe.

Linashughulikiwa.