Pini za Kumuaga Mama Mkwe

Alhamisi, 6 Machi
Leo mezani nimetangaza, bila kuombwa na mtu: siku ya kumuaga mama mkwe, mitambo ya sauti ni yangu. Jumamosi anastaafu ualimu mkuu. Miaka kumi na mmoja niko kwenye familia hii, bado ananitambulisha kama "huyu aliyemuoa binti yangu". Sasa atanijua! Shemeji, kaka wa mke wangu, ni fundi umeme. Akauliza taratibu kama nahitaji msaada. Nikamwambia apumzike. Mke wangu akakohoa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejaribu mikrofoni ya shule. Inakwaruza kama kuku kwenye majani makavu. Ukiisokota plagi, sauti inarudi, ukiiachia, kimya. Pini za plagi zimeingia weusi. Shemeji akatokea (eti alikuwa anapita tu!), akasema nifute kwa pamba na spiriti, niache zikauke, basi. Ushauri wa mvivu. Nikachukua msasa. Nimesugua mpaka ule weupe wa juu umetoka wote, chini kumbe kuna rangi ya shaba. Inapendeza zaidi! Kisha nikapaka mafuta ya nywele ya mke wangu, plagi iingie bila shida. Imeingia kama samaki majini. Nikasema moja, mbili, tatu. Sauti safi!

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi ulijaa. Mama mkwe akasimama, akasema, "Ndugu zangu." Ndugu ikafika. Zangu haikufika. Nikasokota. Ukatoka mlio, watu wakaziba masikio. Nikasokota tena, plagi ikaniponyoka, ikaanguka kwenye vumbi la jukwaa. Nikairudisha na mafuta yake na vumbi lake. Kimya kabisa. Jasho mpaka kwenye soksi. Shemeji alikuwa safu ya mbele, ananitazama, anangoja nimwite. Nimwite? Mbele ya watu?

Mama mkwe akaweka mikrofoni mezani. Akatuangalia kama darasa la watoro.

"Kule nyuma mnanisikia?"

Watu wazima, wenye vipara na wajukuu, wakaitika kwa pamoja: "Ndiyo, mwalimu!"

Akaongea nusu saa kwa koo lake mwenyewe. Akamtaja msichana aliyeanza kusoma akiwa na miaka kumi na sita, leo ni muuguzi. Muuguzi akasimama. Watu wakalia. Hata mimi, nimepiga magoti chini ya meza, plagi mkononi.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kuomba radhi. Mama mkwe kasema wiki nzima alikuwa anaiogopa ile mikrofoni, hajawahi kuipenda. "Afadhali ilikufa, mwanangu." Mwanangu! Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikuhisi umbali.

Jumanne, 11 Machi
Shemeji kanikalisha chini. Kaeleza kwamba ule weupe niliokwangua ndio uliokuwa unazuia kutu, na mafuta yangu yamenasa vumbi. Akafunga plagi mpya, akafuta soketi kwa pamba na spiriti, akangoja ikauke. Dakika kumi, mikrofoni ikafufuka. Nimeitikia kila neno. Nimekubali kosa: nilitumia kitu kikali mno.

Jioni mama mkwe kanikabidhi redio yake, inakatakata wakati wa taarifa ya habari. Kanikabidhi mimi, si shemeji! Safari hii nitazisugua pini zake polepole, kwa kitu laini. Nimeshapata: dawa ya meno. Ile yenye mistari.