Mwamba wa 1871

Jumanne, 4 Machi

Mzee, yaani baba mkwe wangu, ametangaza kwamba macho yake hayamruhusu tena kuendesha. Gari lake atampa mkwe mmoja. Wakwe tuko wawili: mimi, mchonga mawe ya makaburi, na mwanyumba wangu, aliyeoa dada wa mke wangu. Huyo ni afisa takwimu. Suruali zake zina mikunjo ya pasi hata Jumapili.

Mzee alifundisha historia miaka thelathini. Basi! Jumamosi nitawatembeza kwenye mlima wa volkano, niwaonyeshe historia isiyojulikana na mtu. Mimi mwenyewe siijui, lakini hilo ni jambo dogo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda peke yangu kwa pikipiki kuiandaa historia. Mawe meusi kila upande, makali, yamekula soli ya kiatu cha kushoto. Ndani ya pango nimepata mwamba laini, mahali penyewe hasa. Ulikuwa na uchafu kidogo tu: herufi mbili na moyo, kazi ya wapenzi wasio na shughuli. Nimeusaga ukaisha. Nikachonga kwamba hapa walijificha mashujaa, mwaka 1871. Nikapaka masizi ili maandishi yazeeke. Hata mimi nimeyaamini.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi niliendesha gari la Mzee taratibu, kama nimebeba mayai. Kwenye kreta nikaeleza kwamba mlima huu ulilipuka mara tatu. Mwanyumba akatoa karatasi mfukoni, akasoma kwamba ni mara moja. Amejiandaa, mjinga yule! Kwenye chemchemi ya maji moto nikasema mashujaa walikuwa wakioshea majeraha hapa. Nikatumbukiza mkono kuonyesha walivyofanya. Bado nimeufunga kitambaa.

Halafu pango. Mzee alitangulia, haraka kuliko sisi wote, bila kuuliza njia. Hapo ningeshtuka, lakini mimi na kushtuka wapi na wapi. Nikamulika tochi. Mwanyumba akauliza mbona baada ya mwaka kuna kistari. Mkono wangu huu! Miaka kumi na tano nachonga mwaka wa kuzaliwa, kistari, mwaka wa kufa. Nikajibu kwamba pengine vita vilikuwa bado vinaendelea.

Mzee akainama, akagusa kiua kidogo pembeni ya maandishi. Kiua kile ninachowawekea wateja wote. Kipo hata kwenye kaburi la mama mkwe. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuona maandishi mengine hapo. Nikasema hapana, baba.

Akasimulia kwamba alipoanza kazi aliwaleta wanafunzi hapa, yeye na mwalimu mwenzake wa hesabu. Wakachora herufi zao kwa msumari. Mwalimu huyo ndiye mama mkwe. Tangu tumzike, miaka mitatu sasa, alikuwa akitamani mtu amlete tena. Akaweka kiganja juu ya mwamba, akakiacha hapo muda mrefu. Nilitamani mlima ulipuke mara ya nne.

Jumapili, 9 Machi

Chakula hakipiti. Naona aibu, aibu ya kweli. Mzee amempigia simu mke wangu anishukuru kwa safari. Anishukuru! Jioni nikaamua kwenda kumwambia ukweli. Nikafika hadi getini. Gari lilikuwa limeoshwa, linang'aa. Nikageuka.

Jumatano, 12 Machi

Ukweli wa nini, wakati tindo ninayo? Nimerudi pangoni. Hatua nne kushoto nimechonga herufi mbili na moyo, vidogo, vimepindapinda kama vya msumari. Herufi zenyewe nimezipata kwa mke wangu. Jumamosi nitamwambia Mzee kwamba tulikosea mwamba, herufi zao zipo salama. Atafurahi, maskini, na mimi nitakula. Gari je? Langu!

Kazi safi, hakuna atakayeijua. Pembeni palibaki nafasi, pakaonekana patupu. Nimeweka kiua.