Wakhungu wa Kwanza Kwenye Faili

Alhamisi, 2 Oktoba 2003. Kitengela.
Leo nimeona maajabu! Mukai, katibu wa kwaya kuu, ameingiza kwenye kompyuta waimbaji wa makanisa yote, mamia, A mpaka Z. Nikamwambia kumpata mtu humo ni kazi ya mchana mzima. Akacheka. Akaandika look, amri ya kutafuta, kisha Kalunde. Kalunde huyo hapo! Sikuwa nimepepesa jicho. Nikamwomba arudie. Akarudia mpaka akachoka na mimi.

Ijumaa, 3 Oktoba.
Jumapili televisheni itaturusha moja kwa moja kutoka Kajiado. Mukai anasema tutasimama kufuata faili: A mbele, Z nyuma. Na mimi Wakhungu! Nyuma ya ngoma, kama kawaida. Mwimbaji mwenzangu Bedan, ambaye hata sauti hana, mbele ya kamera. Mama huko Bungoma ameshaalika majirani wote waniangalie.
Haiwezekani.
Mukai alipotoka kidogo, nikalikata jina langu kule chini, nikalibandika juu kabisa, kabla ya Aketch. Nikasevu. Mimi ni wa kwanza!

Jumapili, 5 Oktoba. Kajiado.
Aibu. Pasta ameamuru asiyepatikana kwenye kompyuta asiingie, maana mwaka jana wageni walivaa majoho yetu wakaja kula. Bedan: papo hapo. Mimi: kompyuta kimya. Mukai akaandika tena. Kimya.
"Pole, Wakhungu. Jina lako halipo."
Nilitaka kupiga kelele kwamba lipo, liko juu kabisa! Lakini ningesema nimejuaje? Nikabaki nje na joho langu. Waliimba vizuri, hiyo ndiyo iliniuma. Mama akapiga simu kuuliza kama niko mgonjwa. Bedan, anasema, ameonekana vizuri sana.

Jumatatu, 6 Oktoba.
Mukai amegundua. Alifoka, halafu akanieleza. Kumbe look haianzii juu! Inafungua faili katikati, inauliza: W iko mbele au nyuma? Nusu isiyotakiwa inaitupa bila kuisoma. Inafungua katikati ya iliyobaki, inatupa tena. Mara chache tu, imefika. Inaamini kila mtu amesimama mahali pake. Watu mamia, kwa pumzi moja! Mimi nilikuwa kwenye nusu ya kwanza kutupwa.

Jumanne, 7 Oktoba.
Televisheni inarudi Krismasi! Nimewaza sana. Mukai akiwa kwa pasta, nimejiandika juu, nimejiandika katikati, nimejiandika chini.
Sasa ifungue popote inapotaka. Itanikuta.