Mahali pa Kulitundika Karai

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka kabla ya jogoo wa jirani, nikazunguka chumba. Kitanda, dirisha, karai. Dirisha, karai, kitanda. Karai la mwenzangu, mke wangu, bado linaning'inia pale alipolitundika mwenyewe, jeusi, tumbo kama la mtu aliyeshiba. Sijaligusa tangu mvua zilizopita, tulipomzika.

Leo nimeligusa. Nafungua mgahawa wa Kichina!

Fedha ipo: nusu yangu, nusu ya shemeji, mdogo wake marehemu. Mpishi yupo: Mchina yule yule aliyepika na mwenzangu jiko moja miaka yote, hadi mwenye mgahawa wao alipofunga akarudi kwao. Mpishi hakurudi. Anasema huko kwao hakuna anayemkumbuka, na Kiswahili chake kimeshakuwa na matusi mazuri mno kuyaacha.

Alikuja asubuhi. Hoteli kubwa inamtaka, inangoja jibu Jumapili. Akasema, "Nionyeshe mlango, nitaingia. Ukinionyesha maneno, naenda hotelini."

Akienda, na ile pilipili ya mwenzangu imekwenda. Yeye tu ndiye anayejua ilivyotengenezwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuila. Sikuwahi kuuliza kuna nini ndani. Nilidhani itakuwepo.

Shemeji ameshaona chumba kule stendi ya mabasi. Mlango mpana, bomba la maji, dohani. Anataka tulipe arubuni leo leo. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Mahali pa kuuzia chakula hapachaguliwi kwa macho, panachaguliwa kwa pua. Akauliza pua ya nani. Nikamwambia ya mteja, shemeji, ya mteja!

Mpango wenyewe: nabeba jiko la mkaa na karai. Nasimama mbele ya kila chumba kilicho wazi mjini, nakaanga kitunguu saumu na tangawizi, naangalia nani anageuka. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria jambo hili.

Jumanne, 4 Machi

Sasa najua kwa nini. Karai ni zito, na jiko la mkaa halipendi kubebwa likiwa linawaka.

Stendi kwanza, kumridhisha shemeji. Pua zote ziligeuka. Lakini miguu haikugeuka! Watu wanakimbilia mabasi, pua inabaki nyuma, tumbo linaondoka. Nimepafuta kwenye orodha.

Mbele ya benki: mlinzi akaniambia nisogee. Nikasogea. Akaniambia nisogee tena, ila kwanza nimwonjeshe. Nje kwa daktari wa meno: pua ziligeuka, na mama mmoja mwenye shavu lililovimba akaanza kulia. Nimepafuta pia.

Mchana nikagundua nafuatwa. Bwana Chipsi! Yule anayekaanga viazi kwenye kona ya mtaa wetu. Alikuwa anajifanya kuchagua kamba za viatu, na mguuni amevaa ndala. Mwenzangu alipokuwa hai, Chipsi alikuwa anakuja Jumapili kula tambi zake. Hakusifu hata siku moja. Alikuwa anaisafisha sahani kwa kidole, anaaga, anaondoka. Mwenzangu alikuwa anacheka, anasema sahani ya Chipsi haihitaji sabuni.

Nimemwuliza dalali wa vyumba. Akakiri kwamba Chipsi naye anatafuta chumba, na ameulizia stendi.

Kumbe ananusa nyuma ya pua zangu. Usingizi hauji. Nimezunguka chumba. Ukutani kumebaki duara jeusi lilipokuwa karai.

Jumatano, 5 Machi

Adui wa namna hii hapigwi, anapotezwa njia.

Nyuma ya duka la simu kuna kichochoro kisichotokea popote. Mwisho wake ukuta. Kuna chumba kimoja kitupu, na jirani yake mama dobi na kamba zake za nguo. Hapapiti mtu ila mwenye nguo chafu. Chipsi akiingia humo, hatatoka na hata senti. Basi kazi yangu ni kupasifia.

Nikakaa kwenye benchi la Chipsi, nikaagiza chipsi, nikaweka simu sikioni. Simu ilikuwa imezimwa. Nikaanza kumwambia dalali, ambaye hakuwepo, kwamba chumba cha kichochoroni nakitaka kwa udi na uvumba. Kivuli kinakuja mapema alasiri. Upepo unapita juu ya ukuta. Kuna kizingiti kipana, mtu anaweza kukaa akapumzika. Kelele za barabara zinafika zimechoka.

Maneno yalikuja yenyewe. Sikuyatafuta. Maana ule ndio uliokuwa mlango wa nyuma wa mgahawa wao wa zamani, na hapo ndipo nilipokuwa nikimngoja mwenzangu akitoka kazini. Alikuwa anakaa kwenye kizingiti, anavua viatu vya jikoni, anavipiga ukutani, kimoja, kisha cha pili. Halafu ananipa zile tambi zilizoungua chini ya karai, kwa sababu anajua ndizo ninazozipenda.

Habari ya viatu sikumpa Chipsi. Nimempa kivuli tu.

Akaacha kumenya viazi. Kisu kikabaki hewani. Ameingia wavuni!

Shemeji amepiga simu kuhusu stendi. Nimemwambia kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikwenda kichochoroni kuangalia wavu wangu. Chipsi alikuwepo! Na utepe wa kupimia! Alipima mlango, akapima ukuta, akagonga, akaweka sikio, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo jema. Nusura nicheke nijulikane.

Nikaenda kunywa chai. Kikombe nikakiacha kimejaa.

Chipsi si mjinga. Mtu aliyelisha mtaa mzima kwa viazi na mafuta yale yale hawezi kuwa mjinga. Kwa nini apime ukuta ambao hauna faida? Alisikia nini mle ndani? Labda ukuta utavunjwa. Labda barabara inapita pale, na mimi peke yangu ndiye sijaambiwa!

Nikarudi. Nikazunguka mtaa. Nikazunguka tena, hadi fundi viatu akaniuliza kama nimepotelewa na mtoto. Nikakaa kwenye kizingiti. Kivuli kilikuja, mapema alasiri kama nilivyosema. Upepo nao ukapita juu ya ukuta. Yote niliyomdanganyia Chipsi yalikuwa ya kweli.

Dalali akatokea. Akasema kuna mtu mwingine anakitaka chumba, anakwenda kuchukua fedha, nisipoamua sasa nisimlaumu.

Nimelipa arubuni. Kwa fedha tuliyoitenga kwa ajili ya stendi, ndiyo, lakini fedha ni fedha. Nimempiku Chipsi!

Ijumaa, 7 Machi

Nimemweleza shemeji. Alikuwa anakunywa chai kwangu, kikombe cha dada yake. Akaweka kikombe chini. Kisha akauliza, taratibu, huko kichochoroni atapita nani.

Nikamwambia swali hilo amwulize Chipsi, maana alikitaka kufa na kupona.

Akasema, "Shemeji, Chipsi kalipia stendi leo asubuhi."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Nikaenda kwa dalali mbio. Dalali alicheka hadi akashika ukuta. Ule utepe Chipsi aliuazima kwa mkewe, fundi cherehani, makusudi nimwone akipima. Kuhusu simu yangu, Chipsi alimwambia mtu mzima anapaswa kujua kwamba simu iliyozimwa haina mwanga. Nikadai arubuni yangu. Akasema arubuni hairudi. Ingekuwa inarudi, ingeitwa mkopo.

Niliporudi shemeji alikuwa bado amekaa. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema dada yake aliwahi kumwonya: "Huyu mume wangu akimdanganya mtu, wa kwanza kuamini ni yeye." Kisha akaniuliza Mpishi atamwambia nini keshokutwa. Nikasema nina mpango. Akasimama, akaacha chai nusu kikombe.

Nimeimalizia mimi. Ilikuwa imepoa.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango: kuuonyesha ulimwengu kwamba kichochoro kina pua zake.

Nikawasha jiko mlangoni, nikamwaga kitunguu saumu chote kilichobaki. Pua hazikuja. Moshi ndio uliokwenda. Ule upepo niliousifu uliuchukua mzima mzima, ukaupeleka kwenye kamba za mama dobi, katikati ya makoti meupe ya madaktari.

Mama dobi akatoka. Akanusa koti moja. Akanusa la pili. Akasema, "Baba, madaktari wangu wakivaa haya, wagonjwa watawauma."

Nimeshinda mchana kutwa nikisuuza makoti. Alikaa juu ya ndoo akinisimamia, akanifundisha kukamua bila kukunja kola. Aliniambia alikuwa anafua aproni za mke wangu, na kwamba hakuwahi kukutana na mtu aliyejimwagia sosi nyingi namna ile bila kukosa hata kifungo. Kisha akauliza kilichonirudisha huku. Nikasema biashara. Akaniangalia. Akanipa vibanio, akasema nianike basi, bwana wa biashara.

Makoti bado yananukia kidogo. Amesema kidogo anaweza kuvumilia. Kesho Mpishi anakuja. Sina mlango wa kumwonyesha ila huu. Nimekaa. Nimesimama. Nimekaa.

Jumapili, 9 Machi

Nilijiandaa na hotuba. Shemeji alikuja, akasimama mbali kidogo kama mtu asiyenifahamu.

Mpishi hakusikiliza hotuba. Alipoona kichochoro alipunguza mwendo. Akapita mbele yangu, akaenda moja kwa moja kwenye kizingiti, akakaa. Akavua viatu. Akavipiga ukutani, kimoja, kisha cha pili.

Nilidhani ile ni tabia ya mwenzangu peke yake. Kumbe walikuwa wanatoka pamoja kupumua, wanakung'uta unga pamoja. Nilikuwa namwona kila siku na sikuwahi kumtazama.

Kisha akaingia ndani, akazunguka, akatoka.

"Hapa hapiti mtu," alisema.

Nikasema najua.

"Mahali pabaya sana, mzee. Nimeona wajinga wengi. Wewe una kipaji."

Nikasema najua hilo pia. Nikamwambia aende hotelini, sitamlaumu, ila kabla hajaenda anifundishe ile pilipili. Nilikuwa nimejipanga kusema mengine, hayo yakatoka yenyewe.

Mpishi akavaa kiatu kimoja, akabaki na kingine mkononi. Akasema jiko la hoteli alishaliona. Liko chini ya ardhi. Taa mchana kutwa, na ukitaka kupumua unapanda lifti. Hakuna ukuta wa kupigia viatu. Akamgeukia shemeji, akasema dohani iinuliwe ivuke ukuta, moshi usimguse yule mama, na fedha ashike yeye shemeji. Kuhusu mimi, nisiongee na dalali yeyote tena hadi nife.

Nimeapa. Kwa moyo wote!

Akaomba karai. Jioni alitengeneza pilipili. Nilitakiwa niangalie nijifunze, nikasimama mlangoni nikitazama kamba za nguo. Harufu ilinifika mgongoni. Shemeji alikuja akasimama karibu nami.

Alhamisi, 20 Machi

Tumefungua! Karai linaning'inia jikoni kwenye msumari wake mpya.

Wateja wa kwanza hawakutoka kwenye mpango wangu wowote. Ni madaktari. Walivaa makoti yale, wakarudi kufuata mengine, wakamwuliza mama dobi ile harufu anaitoa wapi, maana wodi nzima ilishinda na njaa. Akawaelekeza kwa kidole. Sasa wanakula kwetu siku za kuchukua nguo. Siku nyingine tunakula sisi.

Shemeji anasema tuwe na subira. Mpishi anasema mgahawa ni kama mchuzi wa mifupa, ukiukoroga koroga unaharibika. Wanasema hayo huku wananiangalia mimi. Mimi nimetulia kabisa. Nafuta meza.

Tatizo ni Chipsi. Anakuja kila alasiri, anakula tambi, anasafisha sahani kwa kidole. Leo, kwa mara ya kwanza, amesema pilipili ni ile ile. Nilienda nyuma kidogo, nikarudi.

Kisha akaanza kulalamika. Stendi ngumu, alisema. Vumbi. Makelele. Watu wanakimbia, wananunua wakiwa na mguu mmoja ndani ya basi, wengine wanaondoka na chenji isiyo yao. Anatamani apate mtu amwachie chumba chote na dohani yake. Alisema hayo akitazama pembeni, akipuliza chai ambayo nimeona kwa macho yangu haikuwa ya moto.

Baada ya kufunga nikakaa kwenye kizingiti, nikapiga viatu ukutani, kimoja, kisha cha pili. Kivuli kizuri. Lakini kichwa hakikutulia. Mtu hapakashifu mahali pake bure. Chipsi anaficha nini stendi? Anaogopa nione nini?

Dalali sikumtafuta. Kiapo ni kiapo. Nilikutana naye tu, nje ya ofisi yake, nilipokuwa napita pale kwa mara ya tatu. Nikamwuliza kwa upole tu habari za chumba cha stendi. Akasema ningekuwa na akili ningeamua leo leo, maana kuna mtu mwingine anakitaka.