Kivuli Kimoja, Kanuni Tatu

Jumapili, 4 Mei 2025
Habari njema. Ofisini kwetu Ruwi, nafasi moja ya kuegesha chini ya paa iko wazi. Bi Mahbuba, mkuu wa utawala, kaniambia niwaingize wafanyakazi kwenye jedwali la kompyuta, niandike kanuni ya haki. Atakayetokea juu, kivuli chake. Haki naijua. Natoka Al Amerat, nyuma ya milima, na gari langu jeusi adhuhuri halishikiki. Nimeandika: anayeishi mbali zaidi awe juu.

Jumatatu, 5 Mei
Katokea Loay wa uhasibu. Kumbe anaishi Qurayyat. Nani kamtuma? Kaja kunishukuru, na halua mkononi. Nimeila kwa hasira. Lakini dawa nimeipata: kwanza nigawe makundi, wanaohudumia wageni watangulie. Tuko wawili tu, Peninah wa mapokezi na mimi. Mimi huwapa wageni neno la siri la intaneti. Bi Mahbuba kaisifu fikra hiyo. Nimejistaajabia.

Jumatano, 7 Mei
Peninah yuko juu. Ghubra kwake imenizidi kilomita mbili. Hana hata gari, huja kwa basi. Basi na tuchuje: wabaki wenye gari jeusi tu, maana ndilo linalochemka. Jeusi ni langu peke yangu. Nimemtumia Bi Mahbuba bila kuangalia tena. Kazi safi haiangaliwi.

Alhamisi, 8 Mei
Alama moja nimeikosea. Badala ya kubakiza magari meusi, kanuni imeyaondoa. Aliyetoweka ni mimi tu. Matokeo yamebandikwa mlangoni, kivuli ni cha Peninah. Nilimlilia Bi Mahbuba. "Maan mwanangu, kanuni umeandika wewe, mie nna sahihi yangu pale. Sibadilishi." Nikamkuta Peninah kaweka kiti kivulini, anakula wali.
"Gari sina, lakini kivuli niko nacho," kasema. "Unipitie Ghubra kila asubuhi, utaegesha hapa."

Jumapili, 11 Mei
Al Amerat mpaka Ghubra, kisha kurudi Ruwi. Foleni mwanzo mwisho, na redio kachagua Peninah. Loay, anayeegesha juani, kanionea huruma.
Si kitu. Bi Mahbuba anatafuta mtu wa kupanga likizo za Idi kwa haki. Nimemwambia asihangaike, mtu yupo. Mara hii nitaweka machujio matatu.