Khairat Mbele ya Kabati la Bi Kazija

Njooni, enyi wanawake wa Wete, wapepeta mchele na wasuka ukili; tueni nyungo zenu, mfunge na midomo, mpate kusikia habari za Khairat binti Seif, shujaa wa mkekani, mwenye magoti yasiyoshindwa ila na ngazi.

Khairat huyu alikuwa na maradhi ya vivimbe kwenye vifuko vya mayai ya uzazi, yale yanayomkosesha mwanamke hedhi miezi na miezi, ikawa kama mgeni aliyesahau njia. Daktari akampa dawa. Na Ruweida muuguzi, jemadari wa wenye maradhi hayo, akawa akiwakusanya kila Alhamisi kuwafundisha yoga, kujinyoosha na kuvuta pumzi taratibu, ili dawa ipate msaidizi. Basi Khairat akaanza kuuonja usingizi uliokuwa umemkimbia, na mwezi uliopita yule mgeni akabisha hodi.

Lakini nyumbani mlikuwa na ngome, nayo ni Bi Kazija, mama mkwe, mlinzi wa funguo na wa dini. Huyo aliambiwa sokoni kwamba yoga ni ibada ya watu wengine, akatoa hukumu: Khairat aifanye mbele ya macho yake. Ikiwa mazoezi, ataendelea kwenda. Ikiwa ibada, Alhamisi zimekwisha.

Ikafika saa ya vita, baada ya alasiri, masufuria yamekwisha suguliwa. Khairat akatandika mkeka sebuleni, akapiga magoti, akakalia visigino, akainama hata kipaji cha uso kikagusa ukili, mikono mbele, pumzi ikienda na kurudi. Ole wake, hakutazama upande: kibla aliipa mgongo, na mbele yake limesimama kabati la vyombo.

"Khairat," akanena Bi Kazija, sauti imeshuka kama panga linalonolewa, "mwanangu, vikombe vyangu ndivyo unavyovisujudia?"

Shujaa akashika wasia wa Ruweida, asikate pumzi kwa maneno. Akazidi kujikunja, mapaja yakalibana tumbo, na tumbo lenyewe mchana lilipokea muhogo na kunde. Ndipo ukatoka upepo, si wa kusi wala wa kaskazi. Mdogo, lakini wenye sauti.

Masikio ya shujaa yakawaka moto. Angekuwa kwenye sala, angeinuka akatie udhu upya. Khairat akabaki pale pale, kipaji mkekani, akavuta pumzi nyingine, ingawa hii aliivuta kwa hadhari.

Bi Kazija, aliyekaa chuo cha Kurani tangu mdogo na kukijua kila kinachotengua udhu, akafikiri sana, kisha akaketi.

"Basi," akasema. "Mtu limemtoka hilo, wala hatikisiki. Hapana ibada ya namna hiyo, si kwetu, si kwa wenzetu. Alhamisi nenda zako, mwanangu. Lakini kunde usile."

Na ijulikane, toka Micheweni hata Chokocho, kwa walio hai na watakaozaliwa, kwamba ngome ya Bi Kazija, ambayo mume, wifi na hata sheha wa mtaa hawakuweza kuitikisa, ilianguka siku ile kwa upepo usiotosha kuzima kibatari.